Una dakika kumi tu: mwongozo kamili wa kujikinga na maharamia ukivuka bahari na boti ya tanga

Wengi wanaojiandaa kuvuka bahari na boti zao wanakwama palepale. Tanga wamekagua, injini imefanyiwa sevisi, chakula cha miezi kimepangwa, alafu ukiuliza habari ya maharamia unakuta mpango wote ni sentensi moja, "tukiwaona tutapiga simu". Unampigia nani? Namba iko wapi? Nani anapiga wakati nahodha kashika usukani? Hapo kimya.

Fanya hesabu hii. Boti ya tanga ya kawaida inakwenda noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa. Mashua ya maharamia yenye injini kubwa ya nje inafika noti 25. Ukiwa umekaa kokpiti, chombo kifupi kama hicho unakiona labda kikiwa maili 3. Kikitokea nyuma kinakufikia ndani ya dakika 9 na kidogo, kikitokea mbele hazifiki hata 6. Kwahiyo chochote kinachohitaji zaidi ya dakika kumi lazima kiwe kimeshafanyika kabla hujang'oa nanga, na mwongozo wote huu ni kuhusu hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Redio ya VHF (ya kuongea na vyombo vilivyo karibu) yenye kitufe chekundu cha DSC, kinachotuma ishara ya dharura chenyewe, imeunganishwa na GPS na imeingizwa namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho ya boti, tarakimu 9. Boti nyingi kitufe kipo ila namba haijaingizwa, hapo ni pambo tu.
- VHF ya mkononi, chaji imejaa, inakaa mahali pamoja siku zote.
- Simu ya satelaiti au kifaa cha kutuma meseji kwa satelaiti. Lipia hadi miezi 2 baada ya tarehe unayotegemea kufika.
- EPIRB (kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa satelaiti) iliyosajiliwa kwa jina la boti yako ya sasa, sio la mwenye boti wa zamani.
- AIS (kifaa kinachotangaza boti yako ilipo na kukuonyesha vyombo vingine) yenye swichi ya kuzima kutuma huku ukiendelea kupokea.
- Darubini ya 7x50.
- Karatasi mbili ngumu zilizowekewa plastiki (nitaeleza za nini).
- Makomeo ya ndani kwa kila mlango na dirisha la juu, na nondo zinazoruhusu hewa ipite.
- Taa kali za sitaha, swichi yake iwe karibu na unapolala.
- Honi ya gesi, fataki za dharura.
- Pochi ya pili yenye pesa kiasi na kadi zilizoisha muda, simu ya zamani, laptopu mbovu kama unayo.

Silaha sijaweka humo makusudi, tutafika.

## Hatua ya 1: Jua hatari ya njia yako ni ya aina gani

Watu wanaogopa "maharamia" kama kitu kimoja, kumbe sehemu moja wanataka mateka, nyingine wanataka injini yako ya nje na simu tu, na maandalizi yake hayafanani.

Magharibi mwa Bahari ya Hindi na Ghuba ya Aden ni utekaji kwa ajili ya fidia. Oktoba 2009 boti ya Lynn Rival ilitoka Shelisheli kuelekea Tanzania, ikatekwa usiku, na watu wawili waliokuwemo walishikiliwa Somalia siku 388. Februari 2011 boti ya Quest ilitekwa ikitoka India kwenda Omani na Wamarekani wanne waliokuwemo waliuawa wote. Baadaye mambo yakatulia, hadi tarehe 1 Januari 2023 mashirika ya meli yakaondoa lile eneo la hatari kubwa kwenye ramani, na wengi wakachukulia kwamba basi imeisha. Desemba mwaka huohuo meli ya Ruen ikatekwa na ikakaa mikononi mwa maharamia mpaka jeshi la majini la India lilipoikomboa Machi 2024. Ukijumlisha na mashambulizi ya Wahouthi, waasi wa Yemen, kwa meli za Bahari ya Shamu yaliyoanza Novemba 2023, njia ile ya Suez kwa boti ndogo mimi siipendekezi kwa mtu yeyote, sijali ana uzoefu kiasi gani.

Ghuba ya Guinea ni utekaji wa mabaharia. Mwaka 2020, kati ya mabaharia 135 waliotekwa duniani kwa hesabu za IMB (shirika la kimataifa linalofuatilia uhalifu wa baharini), 130 walitekwa huko. Bahari ya Sulu na Celebes, kati ya Ufilipino na Malaysia, kumekuwa na kundi la wapiganaji watekaji la Abu Sayyaf, na ukumbuke Septemba 2015 walichukua watu kwenye marina kabisa, kisiwa cha Samal, boti zikiwa zimefungwa gatini.

Karibi kwa sehemu kubwa ni wizi, wakati mwingine wa bunduki. Angalia sana maji kati ya Trinidad na Venezuela, na mabenki ya uvuvi (sehemu za bahari zenye kina kifupi) nje ya Honduras na Nikaragua ambako boti za tanga zimeshavamiwa mbali kabisa na pwani. Mlango wa Singapore nao unatajwa sana kwenye takwimu, ila pale wanaopandiwa ni meli kubwa zinazokwenda polepole.

Habari mpya chukua kwa wenyewe, vituo vinavyokusanya ripoti za mashambulizi: kituo cha IMB kilichopo Kuala Lumpur, UKMTO kwa Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, MDAT-GoG kwa Ghuba ya Guinea, ReCAAP kwa Asia, CSSN kwa Karibi. Soma matukio ya miezi 12 iliyopita, yaweke moja moja kwenye chati yako na tarehe, saa, na aina ya chombo kilichovamiwa.

Imekaa sawa kama unaweza kumwambia mwenzako bila kusoma popote: kwenye njia hii wanavamia wapi, saa ngapi, na wanataka nini.

## Hatua ya 2: Chora njia, alafu kubali kuzunguka

Hapa ndo penye kinga kubwa kuliko vifaa vyote. Haramia hana haja na wewe kama haupo.

Chora njia ya kwanza unayoitaka, kisha linganisha na zile alama. Pale zinapokutana sogeza njia. Nje ya Honduras na Nikaragua kwa mfano wengi wanapita nje kabisa ya mabenki, maili nyingi za ziada, na ni sawa tu. Kwa Bahari ya Shamu kuna njia mbili za kweli: kupita Rasi ya Tumaini Jema, au kupakia boti juu ya meli ya mizigo ikavuka huko wewe ukiwa kwenye ndege. Ukichagua Rasi usidhani umepata njia laini, mkondo wa Agulhas ukikutana na upepo mkali wa kusini magharibi mawimbi yake yanavunja boti, kwahiyo unasubiri hali nzuri bandari kwa bandari, na watu wanapita pale kati ya Novemba na Februari. Umebadilisha hatari moja kwa nyingine, lakini hii ya pili utabiri wa hewa unakuonyesha, na bahari haikuteki.

Msimu nao uutumie. Mashua ndogo haifanyi kazi kwenye bahari iliyochafuka, ndomaana Bahari ya Hindi kusi kikivuma kwa nguvu, Juni hadi Septemba, matukio hupungua, na miezi iliyo kati ya kusi na kaskazi maji yanapotulia hurudi. Tatizo ni kwamba maji tulivu ndiyo unayoyataka na wewe, kwahiyo usipange kwa raha ya safari peke yake.

Onyo: watu wanavutiwa kukata kona kwasababu wamechelewa, visa inaisha, ndugu anasubiri bandarini. Usiwe na tarehe ya kufika. Waambie watu wiki, sio siku.

## Hatua ya 3: Bima na silaha

Bima haraka haraka: soma sehemu ya mipaka ya eneo. Mikataba mingi ya bima inaondoa maeneo yaliyotajwa kuwa ya hatari, na ukiingia humo bila kuwaandikia unaweza kukosa kinga yote ya bima, sio ya uharamia tu. Andika, pata jibu kwa maandishi.

Silaha. Najua wengi wanabishana hapa. Sir Peter Blake, nahodha maarufu wa New Zealand, alivamiwa Desemba 2001 akiwa nangani Macapá, Brazili. Alichukua bunduki, akapiga, akamjeruhi mmoja wao, bunduki ikakwama, wakamuua. Wengine wote kwenye boti walipona. Mtu mwenye uzoefu vile, na ana watu kibao ndani. Waliokuja walitaka kuiba. Ukiongeza kwamba kila nchi utakayoingia ina sheria yake ya kutangaza na kukabidhi bunduki, na ukificha ni jela, mimi naona bunduki inaongeza matatizo mawili na kuondoa nusu. Mwingine anaweza kuona tofauti, ila asinunue kabla hajajibu swali hili: dhidi ya watu watano wenye bunduki za rashasha, usiku, ukuta wako ni faiba inayopitisha risasi kama karatasi, utafanya nini nayo?

## Hatua ya 4: Mtu wa nchi kavu

Hii ndo hatua wanayoiruka wote, na ndiyo inayonifanya niandike.

EPIRB ukiiwasha inatuma kwenye satelaiti namba ya utambulisho na mahali ulipo. Haisemi "maharamia". Kituo cha uokoaji kikipokea kinapiga simu kwa watu uliowaandika wakati wa kusajili. Sasa kama uliandika namba ya kaka yako ambaye anajua tu kwamba "yuko baharini huko", mazungumzo yataishia hapo, na masaa yanaenda.

Kwahiyo chagua mtu mmoja mtulivu anayepokea simu usiku, na wa pili wa akiba. Wape karatasi yenye:

1. Jina la boti, rangi, urefu, MMSI, namba ya EPIRB, picha mbili.
2. Majina ya waliomo, na dawa anazotumia kila mtu.
3. Njia na alama za kila siku.
4. Saa za kuripoti, mfano saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, kwa saa ya dunia ya UTC ili msichanganyane.
5. Ukimya wa muda gani ni tatizo, na afanye nini. Mfano: ripoti moja ikikosekana ananiandikia, mbili zikikosekana anapiga kituo hiki, namba hii, anasema maneno haya.
6. Neno la siri la kawaida kabisa ambalo nikiliandika kwenye meseji maana yake nimelazimishwa.

Namba tano ndiyo yenye uzito. Bila hiyo mtu wako atakaa siku tatu anajiambia labda betri imeisha.

Pale kwenye eneo lenye kituo, jisajili na wao pia. UKMTO wanapokea ripoti za boti ndogo, na wanaovuka kutoka Grenada kwenda Trinidad huwa wanatuma mpango wao kwa walinzi wa pwani wa Trinidad kabla ya kuondoka, hasa tangu boti zilipovamiwa karibu na mtambo wa gesi wa Hibiscus Desemba 2015.

Imekaa sawa kama umempigia huyo mtu bila kumwambia, ukamuuliza "nimekosa ripoti mbili, unafanya nini?" na akajibu bila kusitasita.

## Hatua ya 5: Karatasi mbili na zoezi moja

Karatasi ya kwanza inabandikwa pembeni ya redio. Ina namba za simu za vituo, MMSI, na maneno ya Mayday (wito wa dharura wa redio) yameandikwa neno kwa neno kwa Kiingereza rahisi, na nafasi ya kujaza mahali mlipo. Mtu akiogopa lugha inampotea, hata lugha yake mwenyewe, sembuse ya kigeni. Ya pili ni kazi za kila mtu.

Mgawanyo wa watu wawili, ambao ndo wengi:

- Wa usukani: injini mbele kabisa, anageuza boti kuelekea ile meli kubwa iliyo karibu kwenye AIS, au kuyapa mawimbi ubavu wa mashua yao ili warushwe wakijaribu kusogea.
- Wa ndani: kitufe chekundu cha DSC, fungua kava, chagua aina ya dharura "uharamia" kama muda upo, kandamiza sekunde 5 hadi ilie. Kisha Mayday chaneli 16. Kisha simu ya satelaiti kwa kituo. Kisha EPIRB. Kisha meseji kwa mtu wa nchi kavu.

Kwanini DSC kwanza? Kwasababu kwa sekunde tano imetuma namba yako ya MMSI na mahali ulipo kwa kila meli iliyo karibu, hata ukinyang'anywa redio baada ya hapo. Simu inachukua dakika nzima kushika satelaiti.

Fanyeni zoezi mchana, kisha usiku, kisha mbadilishane kazi. Redio msiiguse kweli, gusa kava tu na useme kwa sauti. Pima kwa saa. Mara ya kwanza inachukua dakika 15 na mtagombana. Endeleeni hadi ishuke chini ya 6.

## Hatua ya 6: Ukiwa njiani

Zamu iwe ya kweli, mtu anageuka nyuzi 360 kila dakika 10, sio kuangalia simu. Rada haitakusaidia sana, mashua ya mbao au faiba inarudisha mwangwi mdogo na inapotea kwenye mawimbi.

AIS kuwasha au kuzima? Inategemea nani yuko karibu. Kwenye njia maalumu ya Ghuba ya Aden, yenye njia mbili za maili 5 kila moja na maili 2 katikati, kuna manowari, kwahiyo kuonekana ni faida. Kwenye pwani ambako hakuna msaada na mtu yeyote mwenye kifaa cha bei rahisi anakuona, wengi wanazima kutuma na kubaki kupokea. Taa za safari ni jambo jingine, sheria ya kuzuia kugongana inakutaka uziwashe, na usiku kugongwa na meli ni hatari ya kila siku.

Msafara wa boti kadhaa unasaidia, ila uwe na sheria: spidi ya aliye polepole, umbali wa kuonana, chaneli ya nguvu ndogo ili msisikike mbali. Msafara unaotawanyika usiku wa kwanza sio msafara.

Sasa, mvuvi au haramia? Hapa watu wanakosea pande zote. Wavuvi wengi wanakukimbilia kwa kasi, wanapunga mikono, wanapiga kelele. Mara nyingi wanakuonyesha nyavu zao zilipo usije ukazikata, au wanaomba maji. Wapungie, geuka taratibu. Angalia kwa darubini: kuna nyavu, samaki, vyungu? Au kuna watu sita, mapipa ya mafuta ya ziada, ngazi ndefu, ndoano na hakuna chombo chochote cha uvuvi? Ngazi ndiyo inayonitisha kuliko yote, mvuvi haihitaji. Pia mashua mbili zinazogawana, moja kushoto moja kulia.

Jaribio rahisi: badili mwelekeo nyuzi 30 mapema. Mvuvi anaendelea na shughuli zake. Akigeuka na wewe, tena na tena, anza kuhesabu dakika kumi zako.

## Hatua ya 7: Wakikufuata, na wakipanda

Wakikufuata fanyeni lilelile zoezi, hakuna jipya. Watu wote waonekane kwanza sitahani kama mko wengi, maana chombo chenye watu macho mara nyingi kinaachwa. Risasi ikilia, wote chini, chini kabisa ya mstari wa maji.

Wakishapanda kila kitu kinabadilika. Mmeshatuma taarifa, kazi yenu sasa ni kuishi. Simamisha injini wakisema. Mikono ionekane. Usikimbie, usipige picha, usiwatazame kwa kuwakazia macho. Ongea mtu mmoja tu, polepole. Wakitaka pesa toa ile pochi ya pili baada ya kusita kidogo, na wakitaka zaidi toa zaidi. Usidanganye kuhusu idadi ya watu waliomo, wakimkuta aliyejificha wataingiwa hofu, na mtu mwenye hofu mwenye bunduki ndiye anayeua.

Wanajeshi wakija kuwakomboa: lala chini, mikono kichwani, isishike chochote. Usiinuke kuwakimbilia. Hawajui nani ni nani, watawafunga nyinyi pia kwanza, vumilieni.

## Hatua ya 8: Nangani, ambako wengi wanaumia

Kwa boti za kusafiria matukio mengi hayatokei bahari kuu kabisa. Yanatokea nangani, usiku, mmelala, baada ya kuvuka salama na kupumua. Ndo maana nimeiweka mwisho, kwasababu ndipo watu wanapolegeza ulinzi.

Kabla ya kuingia ghuba uliza walinzi wa pwani, forodha, na mvuvi wa pale. Mvuvi ndiye anayejua. Ukikuta ghuba nzuri na hakuna boti hata moja, jiulize sababu.

Kila jioni, bila kuruka:

1. Mashua ya mpira na injini yake inapandishwa juu na kufungwa mnyororo. Iliyoachwa majini inaibiwa, na ndiyo inayomleta mwizi karibu na boti.
2. Sitaha iwe tupu. Ngazi ya kuogelea juu.
3. Jirani mwenye boti karibu mmekubaliana chaneli ya VHF na redio iko wazi usiku.
4. Makomeo ndani, nondo kwenye madirisha. Joto litakusumbua, feni itasaidia.
5. Ufunguo wa injini mahali pake, njia ya kutokea imehifadhiwa kwenye GPS, mnyororo wa nanga una kamba na boya mwishoni ili uweze kuuachia na kuondoka ukaufuate kesho.

Ukisikia nyayo juu, usipande. Hili nalirudia kwasababu mwili utakutuma upande. Washa taa zote za sitaha kutoka ndani, honi, piga kelele, ita jirani kwenye redio. Mwizi aliyekuja kimyakimya mara nyingi anaondoka. Ukifungua mlango umempa njia ya kuingia.

Ufukweni usimwambie mtu usiyemjua mko wangapi wala mnaondoka lini, na picha za mahali mlipo zitume mkishahama.

Likitokea jambo, hata jaribio dogo la kuiba kamba, ripoti asubuhi hiyohiyo kwa polisi wa pale, na kituo cha eneo. Andika saa, mwelekeo waliotokea, rangi ya mashua, walisema lugha gani. Usisafishe sitaha kabla haijapigwa picha. Na kabla hata ya polisi, chukua VHF uwaambie boti nyingine zilizopo kwenye ghuba hiyo, maana wale waliokuja kwako saa 8 usiku bado wana usiku wa leo.